Mukebe wa Tano

Wewe unayesoma, umekwisha kuvuta unywele kutoka ndani ya kinywa chako? Siyo wako. Wa muntu mwingine, murefu, umefika mpaka kooni, na unausikia unavyopanda polepole ukikukuna ulimi?

Basi weka sahani yako pembeni kwanza.

Cyrille alikuwa jirani yangu hapa Kalemie, ukuta kwa ukuta. Wote wawili tulikuwa na licence ya université: mimi gestion, kusimamia biro, yeye informatique, mambo ya kompyuta. Diplôme safi, na cachet, na signature ya wakubwa, na kazi zéro. Mwaka ule wa 2017 vita ya upande wa Nyunzu ilikuwa inatuletea wakimbizi kila siku, na mabiro ya mashirika ya misaada yalikuwa yanafunguliwa mujini kama vile maduka. Tulipeleka karatasi kila pahali. "Mutapigiwa simu." Ile simu ninaingojea mpaka leo, merci.

Njo maana Cyrille aliingia ndani ya ule muchezo. Ulikuwa kwenye internet, jina lake Funguo. Hauchezi kwa kubonyeza tu: ukurasa unakutupia fumbo, unatoka nyumbani, unatafuta jibu mujini kwa miguu yako, unatuma. Mwenye kumaliza mafumbo anapewa contrat ya kazi ya biro kule Kinshasa. Jina la kampuni, hakuna.

Nilimuambia: "Cyrille, hiyo ni escroquerie, utapeli mutupu."

Akacheka. "Mon vieux, escroc angalau ananijibu."

Fumbo la kwanza lilikuwa namba iliyopakwa kwenye behewa bovu kule gare ya treni. Alilipata siku ileile. La pili lilikuwa sauti tu, kitu kinagonga chuma. Alisikiliza mara nyingi, mara ghafla akaruka: kipande cha reli kinachogongwa kwenye shule yetu ya primaire! Tulifurahi kama wajinga. Hakuna aliyeuliza wenye muchezo walijua namna gani tulisomea wapi.

Fumbo la mwisho lilikuwa alama juu ya karte, ramani ya Kalemie, na maneno machache: *Nyuma ya vyoo. Uzi mwekundu. Mikebe mitano, majina matano.* Alama ilianguka Katanika, kwenye kambi ya waliokimbia vita.

Tulienda saa nne ya asubuhi. Jua kali, wamama kwenye foleni ya maji, watoto wanapiga mupira wa matambara. Nyuma ya vyoo udongo ulikuwa laini, na harufu ile inashika mpaka ndani ya shati. Nyuzi nyekundu zilichomoza, nne tu; wa tano hatukuuona. Cyrille akapiga magoti, akachimba na mikono. Mikebe ya maziwa ya unga, imeanza kutu. Akafungua wa kwanza.

Nywele.

Zimeshindiliwa, zina unyevu, zinanuka jasho lililooza. Katikati, kikaratasi chenye jina. Cyrille alizikwangua na vidole ili apate karatasi, akazimwaga pembeni. Mukebe wa pili. Wa tatu. Wa nne. Zote chungu moja. Jasho linamutoka, nywele zimemunata kwenye mashavu, na anapangusa midomo na kiganja kilekile. Na mimi? Mimi nilikuwa ninamusomea majina, yeye anaandika kwenye telefone. Niliwaza: akipata kazi, atanivuta na mimi.

"Mutoto wangu." Sauti ya chini kabisa, nyuma yetu. "Mbona unamufunua bwana yangu?"

Mwanamuke, kichwa kimenyolewa wembe. Mama Pélagie, ametoka Nyunzu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alitueleza kwamba walikimbia, maiti zikabaki njiani. Kwao, mwili wa mufu ukikosekana, wafiwa wananyolewa, na nywele zao njo zinazikwa pahali pa mwili. Ile mikebe ilikuwa makaburi.

"Mama, pardon," Cyrille akasema. "Ni muchezo tu."

"Na nani anashinda?"

Cyrille akaanza kuzirudisha mbio mbio. Lakini zipi za nani? Aligawa kwa macho, mafungu manne, akafunika. Mama Pélagie alikuwa anaangalia mikono yake tu.

"Umewalaza wanne kitanda kimoja," akanong'ona. "Watatafuta nafasi."

Tukiwa njiani telefone ikalia. *Bravo. Wanne. Bado mumoja.*

Kesho yake saa sita tulikuwa tunakula kwetu, ugali wa bukari na samaki wadogo, ndagala. Cyrille akaacha kutafuna. Akavuta unywele.

"Aisee, mama yako hafungi kitambaa akipika?"

Tukacheka. Akavuta wa pili. Wa tatu haukutoka kwenye sahani. Ulitoka chini ya ulimi. Akavuta. Ukaja. Akavuta tena. Ukaja tena, murefu kama mukono, unachuruzika mate. Kwenye ncha, uzi mwekundu. Umefungwa fundo.

Akatapika hapohapo. Ndani yake hapakuwa ndagala. Nywele tu. Nyeusi. Nyeupe za wazee. Laini za mutoto.

Siku tatu. Nywele katikati ya meno. Nywele chini ya kope. Hakuweza kusema tena, koo limejaa. Nilimuletea daftari. Aliandika neno moja.

*Wanasukumana.*

Siku ya nne, muchana, hakuitika. Mulango ulifungwa kwa ndani. Tulivunja. Kitanda kimetandikwa. Viatu viko pahali pake. Yeye, hapana. Juu ya meza kulikuwa mukebe wa maziwa, kutu, uzi mwekundu. Pembeni telefone inawaka: *Mitano. Félicitations.*

Nilifungua. Zilikuwa nywele zake, bado na joto. Na kikaratasi, jina lake. Mwandiko ulikuwa wangu, lakini mimi sikuliandika.

Ukurasa umefutwa. Mwili mpaka leo hatujauona. Tulizika mukebe Katanika, kwenye mustari wa wale wanne. Mama Pélagie alituonyesha pahali. Kila nikienda ninakuta kifuniko kimeinuka. Nywele zake zinaendelea kuota. Ninakata na makasi, ninashindilia na kidole gumba, ninafunga. Wiki ijayo, tena.

Sasa ninyi muliotengeneza ule muchezo. Ile mikebe haikuwa kwenye karte yoyote. Nyuma ya vile vyoo walipita wafiwa, na wale wa mabiro waliokuja kuandika wafiwa kwenye liste ya misaada. Nani aliitoa ile liste? Sitaki communiqué ya redio. Sitaki pole za condoléances. Mukuje Katanika, muchana kweupe, mupige magoti palepale, mutenganishe zile nywele, unywele kwa unywele, mpaka kila mufu apate zake. Na mutuambie Cyrille yuko wapi.

Na mukuje na mikono mitupu. Bila gants za kuficha vidole.