Siku Kidoti Anaondoka, Pikapu Ikagoma

— Shemeji, umeichezea gari yangu!

— Sijaigusa.

— Imekuja hapa inanguruma yenyewe. Tumepakia mizigo, nimepiga stata, imegoma. Na fundi hapa ni mmoja tu. Nani mwingine?

Spana, fundi wa magari, alikuwa amesimama mlangoni kwake kama mgeni aliyekosea nyumba, anatazama maisha yake yakiwa yamefungwa kamba nyuma ya pikapu ya shemeji yake. Godoro. Sanduku la nguo. Meza ya cherehani imelazwa miguu juu. Na mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Kidoti kwa ile alama ya shavuni, ameshakaa kiti cha mbele, uso mkavu, kichwa cha cherehani amekibana kati ya miguu yake. Kile chuma hakubali kukiweka nyuma hata kwa dawa.

— Piga tena, alisema Spana.

— Nimepiga mpaka nimechoka!

— Piga nisikie.

Shemeji akazungusha ufunguo kwa hasira. Kru-kru-kru-kru-kru. Injini ikazunguka vizuri tu, lakini kuwaka, wapi.

Kidoti akageuza shingo kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

— Niambie ukweli. Umeitoa nini?

— Mke wangu, naapa. Sijaifungua hata boneti.

— Na wewe kiapo chako kina thamani gani?

Hapo Spana akanywea, maana alikuwa hana pa kushika. Kisa chenyewe ni hiki. Mkewe alipeleka ombi la kazi, lenye picha yake, kwenye karakana ya kushona sare za shule, mji wa mbali kidogo. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo, leo inapokea kesho inagoma, akaandika namba ya mumewe. Mwenye karakana, mama mmoja anayeitwa Madam, akapiga. Spana akapokea, akasikia habari nzuri kuliko zote walizowahi kupata katika ndoa yao, na akajibu kwa upole kabisa: "Ahsante, ila mke wangu ameghairi." Akakata. Akaingia ndani, akala, akamwambia mkewe leo chumvi imekaa sawasawa.

Angekufa na siri yake, lakini jana Madam alikuja kununua vitambaa, akakutana uso kwa uso na Kidoti kwenye duka la vitambaa.

— Wewe si ndiye uliyenikatalia kazi?

— Mimi? Nikatae kazi?

Ndiyo hivyo. Usiku ule hakuna aliyelala, na asubuhi kaka mtu akafika na pikapu.

— Nitaiangalia, alisema Spana. Nikishindwa, mniite mwongo.

— Mwongo tumeshakuita, alisema shemeji. Wewe iangalie tu.

Akaifungua boneti. Mikono yake ilizoea kushusha injini nzima bila kudondosha nati.

— Stata inazungusha kwa nguvu, kwa hiyo betri nzima. Mafuta?

— Nusu tangi. Unaniona mjinga?

Akachomoa plagi moja, akaifunga kwenye waya wake, akaiegemeza kwenye chuma cha injini.

— Piga!

Cheche ikaruka, ya buluu, safi.

— Moto upo. Basi mafuta ndiyo hayafiki. Usipige stata sasa, fungua ufunguo tu uache hapo.

Akaenda nyuma, akalala chini kwenye vumbi, akatega sikio tangini. Pampu nzima, ufunguo ukifunguliwa, hulia kidogo kama nyuki kwenye chupa. Hii ilikuwa kimya. Akarudi, akakagua fyuzi. Nzima. Akabadilisha relei, kile kiboksi kinachopeleka umeme, akaazima ya honi akaipachika mahali pa ile ya pampu. Kimya vile vile.

— Shuka kidogo, alimwambia mkewe. Naomba nipite hapo chini.

— Sishuki.

— Basi nyanyua miguu.

Kidoti akainyanyua. Spana akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, bega lake likagusa goti la mkewe. Hakuna aliyesogea. Akakisogeza kile kichwa cha cherehani taratibu, na hapo hapo akaona.

Kwenye ukuta, pale abiria anapoweka miguu, gari hizi zina swichi ndogo ya kukata mafuta. Gari likigongwa inajifyatua, pampu inazima, watu wasiungue. Nayo huwa haiulizi kama ni ajali ya kweli au shemeji mwenye hasira kabamiza cherehani pale wakati wa kupakia. Kitufe kilikuwa kimeruka juu. Dawa yake ni kukibonyeza kwa kidole. Basi.

Spana alibaki pale chini na kidole hewani.

Akibonyeza, pikapu inawaka, inakata kona, na nyumba inabaki na kuta. Asipobonyeza, leo haendi mtu. Na leo ikipita labda hasira itapoa, labda atapata nafasi ya kuongea, labda kesho ataamka amkute mkewe anashusha godoro mwenyewe. Mpenzi msomaji, tusimcheke sana. Mtu anayezama hachagui cha kushika.

Akatoka chini ya dashibodi, akajifuta mikono kwenye suruali.

— Pampu imekufa.

— Imekufa?

— Imekufa, shemeji. Na ya gari hii haipatikani hapa, ni ya kuagiza. Kesho, labda keshokutwa.

Shemeji akapiga usukani kwa kiganja, akachukua simu, akaondoka kuelekea barabara kubwa kutafuta gari la kukodi. Alikwenda akilalamika peke yake mpaka akapotea.

Wakabaki wawili. Spana alisubiri matusi. Akakaa tayari kabisa kuyapokea. Badala yake akasikia mkewe anavuta kamasi.

— Kumbe kweli hukuichezea, alisema Kidoti.

— Mh?

— Nimekuhukumu bure. Nilijua umeng'oa kitu ili nisiondoke. Kwenye ile simu ulinikosea, sijakusamehe, lakini kwa hili nimekuonea. Samahani.

Tangu azaliwe Spana hajawahi kupewa samahani inayouma kama ile.

— Usiniombe samahani.

— Nakuomba kwa sababu ni haki yako. Halafu bahati yangu ndiyo ilivyo, siyo kosa lako. Leo nikikosa, basi tena.

— Ukikosa nini? Si unakwenda kwa kaka yako?

— Kwa kaka nikafanye nini, nikalee watoto wa wifi? Naenda kwa Madam! Aliniambia jana pale pale dukani, nafasi anayo mpaka leo jioni kabla hajafunga. Kila mshonaji anakuja na mashine yake. Nisipofika, anampa mwingine. Basi la asubuhi limeshaondoka, na gari la kukodi kaka atalipata wapi mtaa huu?

Akajifunika uso kwa kanga. Alilia kilio cha mtu mzima, cha kujizuia, mabega tu ndiyo yanatikisika. Alilia kazi, wala hakulia mume.

Spana alitazama barabara. Hapakuwa na mtu wa kumsaidia kuamua. Mara ya kwanza alimuulia mkewe kazi kwa simu, na alijitetea moyoni kwamba hakujua angeumia kiasi gani. Mara hii alikuwa anaona.

— Kidoti.

— Niache kidogo.

— Pampu haijafa.

Kanga ikashuka.

— Unasema?

— Haijafa. Kuna swichi hapo chini, ilifyatuka mlipopakia cherehani. Niliiona. Nikanyamaza.

— Ukanyamaza.

— Nilitaka ulale hapa leo. Leo tu.

— Umeniacha nikuombe samahani.

— Ndiyo.

— Nimekuomba samahani na wewe unajua!

— Ndiyo, mke wangu.

Akapiga magoti tena, akaingiza mkono, akabonyeza. Tak. Akafungua ufunguo, na kule nyuma tangini ule mlio wa nyuki ukasikika. Akazungusha. Pikapu ikawaka mara moja, ikanguruma mtaa mzima.

Shemeji aliusikia kutoka kona ya mbali, akarudi mbio.

— Umeipata? Si ulisema pampu?

— Alidanganya, alisema Kidoti.

Shemeji akamkunja shati. Ngumi ilishapanda juu.

— Kaka, muache. Atanichelewesha akianguka.

Kisha akamgeukia mumewe, akamnyooshea simu yake ile ya kioo kilichopasuka.

— Mpigie Madam. Weka sauti kubwa, nisikie. Ulichokifunga wewe, ukifungue wewe.

Simu ikaita.

— Halo, nani mwenzangu?

— Madam, shikamoo. Mimi ni mume wa yule mshonaji. Ndiye mimi uliyezungumza naye siku ile.

— Ehe.

— Nilikudanganya. Mke wangu hakughairi. Hakujua hata kama ulipiga. Ni mimi.

Zilisikika cherehani nyingi zikikimbia nyuma ya sauti ya yule mama.

— Na kwa nini ukafanya hivyo, baba?

— Niliogopa ataniacha.

— Sasa imekuwaje?

Spana akatazama godoro, sanduku, meza iliyolazwa miguu juu.

— Sasa ananiacha.

Madam akashusha pumzi ndefu.

— Mwambie aje. Nitamsubiri mpaka nifunge mlango. Na wewe, siku nyingine simu ikiwa ya mtu, mpe mwenyewe.

Ikakatika. Shemeji akaliachia lile shati, akazunguka kushika usukani. Kidoti akafunga mlango wa gari. Kioo kilikuwa chini, na Spana akaushika ukingo wa mlango kwa mikono miwili kama anaweza kuizuia pikapu kwa vidole.

— Utarudi?

— Unajua kinachoniuma ni nini? Siyo uongo peke yake.

— Niambie.

— Hukuniuliza. Ungenipa ile simu nikaongea, ningekata, nikakugeukia, nikakwambia funga vifaa vyako twende. Wewe fundi! Magari hayaharibiki huko? Nilishaipanga safari ya watu wawili kabla hata sijaandika lile ombi. Toa mikono, nachelewa.

Akaitoa. Pikapu ikakata kona, vumbi likatua, na Spana akabaki katikati ya barabara. Majirani walichungulia, wakaona aibu wenyewe, wakarudi ndani. Aliingia chumbani akakuta alama ya godoro sakafuni, akaketi juu ya ile alama akalia kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Jioni giza linaingia, simu ikalia. Ujumbe.

"Nimefika. Nimepata kazi."

Akaandika maneno mengi: nisamehe, siwezi kulala, rudi hata kwa siku moja. Akayasoma, akaona yote yanamhusu yeye tu. Akayafuta. Akaandika upya:

"Hongera sana mke wangu. Nina swali, na safari hii nauliza. Huko kuna nafasi ya fundi?"

Jibu halikuja. Akaweka simu sakafuni, akaitazama. Akaigeuza kifudifudi, akaigeuza tena. Akakata tamaa, akaenda kunawa uso, na alikuwa bado na sabuni machoni simu ilipolia. Akaikimbilia anapapasa.

"Ya fundi ipo. Ya mume nitaangalia."

Spana akasoma sabuni ikimchoma, akasoma tena. Halafu akavuta sanduku la spana kutoka pembeni na kuanza kufungasha.