Aliyekuja Kuomba Mwanga

Jua lilikuwa limeshagusa mgongo wa mlima wakati Ruxandra alipotoka mbio kuanua nepi, maana kwao nguo za mtoto mchanga hazilali nje, na Veta, mama mkwe wake, alikuwa ameshaanza kufoka dirishani.

"We msichana! Unangoja giza lizivae?"

"Naanua, Mama, naanua!"

Ndani, mwanawe Ilie alikuwa amelala fofofo. Uani zilipangwa pikipiki za magurudumu manne ambazo mumewe, Gavril, huwakodisha wageni wapande milimani wenyewe, bila wa kuwaongoza, wakifuata alama nyekundu zilizopakwa kwenye miti. Sharti moja tu: rudi kabla ya jua kuzama.

Zote zilikuwa zimerudi, isipokuwa ya Horia, kijana wa mjini, maneno mengi. Asubuhi alikuwa amecheka, "Dada, hiki kidude kinakimbia, au nikisukume?" Gavril akamjibu, "Kwa mdomo huo, kaka, hata petroli huhitaji!" Sasa Gavril alikuwa huko juu akimtafuta.

Kisha... injini.

Ruxandra akashusha pumzi. Pikipiki ikaingia uani taratibu, taa zimezimwa. Horia alikuwa juu yake, kioo cha helmeti kimeshushwa, matope mwili mzima. Harufu ilimtangulia, ya udongo mbichi na majani yaliyooza.

"Umetutia wasiwasi, kaka! Hujakutana na Gavril?"

Hakuinua kioo.

"Dada..." Sauti ilitoka mbali, kama ya mtu aliye ndani ya kisima. "Huko juu giza. Nipe mwanga."

Ruxandra alijua. Kila mama wa kijiji kile anajua: jua likizama, nyumba yenye kichanga haitoi kitu, si chumvi, si maziwa, sembuse moto. Lakini huyu alikuwa mteja, na alikuwa anatetemeka, na Gavril alishamwambia asiwatishe wageni kwa mambo ya mabibi. Akaona aibu, akaingia ndani, akapapasa rafuni, akashika mshumaa wa kwanza kumjia mkononi, akauwasha, akampa.

Vidole vilivyoupokea vilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Sasa naona," alinong'ona.

Simu ikaita mfukoni mwa aproni yake. Akageuka kuipokea.

"Ruxa..." Gavril alikuwa anahema. "Nimempata. Yuko korongoni, chini ya pikipiki. Ameshapoa, Ruxa. Labda tangu mchana."

"Nani?"

"Horia! Nani mwingine?"

Akageuka tena.

Hapakuwa na mtu, wala pikipiki aliyokuja nayo. Kwenye matope hapakuwa na alama mpya hata moja ya gurudumu. Harufu ya nta tu...

Ndani, Ilie akaanza kulia.

Veta alikuwa amesimama mbele ya rafu, mkono juu ya pengo. "Mshumaa wa hapa uko wapi?"

"Nimempa... nimempa mteja, Mama."

"Ule wa ubatizo wa mtoto?"

Yule mama mkali akaketi sakafuni kama gunia lililoachiwa. "Anayekufa bila mshumaa mkononi haoni njia," alisema polepole. "Huzunguka gizani akiomba. Na wewe umempa. Anatembea kwa mwanga wa mjukuu wangu."

"Padri atatupa mwingine, Mama! Kesho asubuhi naenda!"

"Atakupa nta, mwanangu. Nta tu."

Padri alikuja, akaomba, akanyunyiza maji. Horia akazikwa kwao, mishumaa tele. Haikusaidia kitu. Kila jua likizama, mwanga mdogo huonekana mlimani ukipanda njia ya alama nyekundu, kona hadi kona. Gavril huufukuza kwa pikipiki. Akifika, uko ng'ambo ya korongo. Na Ilie halali. Hugeuza kichwa kuufuata, hata ukimfunika shuka, hata ukifunga madirisha. Ananyonya vizuri, halii, lakini kila Ruxandra akimnyanyua humwona mwepesi kuliko jana, na hathubutu kujiuliza ule mshumaa umebaki kiasi gani.

Jioni hii upepo umeanza kushuka kutoka kileleni.

Mwanga ukayumba. Ilie akakata pumzi.

Mwanga ukasimama. Ilie akavuta hewa.

"Mama!" Ruxandra aliita. "Mama, nifanye nini?"

Veta akafanya ishara ya msalaba. Basi Ruxandra akakinga kiganja mbele ya uso wa mwanawe, kama mtu anayekinga moto, na huko nje miti ikaanza kuvuma.