Hisa za Kijumbe

Saa 2:10 asubuhi

Chumba cha nyuma cha mgahawa wa miguu ya nguruwe, Yeouido, mtaa wa soko la hisa jijini Seoul. Mafuta ya jana bado yananuka ukutani. Watu wanne, kompyuta sita, dirisha limezibwa kwa kadibodi.

"Narudia mara ya mwisho," alisema Do-hyeok.

Kwa miezi mitano walikuwa wamenunua kimyakimya hisa za kampuni moja ndogo ya betri, hisa zisizotakiwa na mtu. Leo wangemwaga uvumi kwamba kiwanda kikubwa cha magari kinainunua kampuni hiyo. Watu wagombanie, bei ipande. Saa nane na dakika hamsini Pyo abonyeze, hisa za wote wanne ziuzwe kwa mpigo. Watakaobaki nazo, shauri yao.

"Na mtu akiuza kabla?" aliuliza Pyo. Alikuwa dalali wa hisa zamani, kabla hajafukuzwa. Shingo nene, subira fupi.

"Namkata vidole," alisema Do-hyeok, akawamiminia supu. Ndivyo alivyokuwa. Alikutisha huku anakulisha.

Yeong-ran alicheka. Mama huyu alikuwa na majina sitini ya uongo kwenye makundi ya simu, na kila jina alilitungia watoto, ugonjwa na mume mlevi.

Wa nne ni Gyu-ri. Aliacha udaktari wa uchumi ukiwa umebaki mwaka mmoja. Alichunguza jinsi habari za hisa zinavyopita kati ya watu, akagundua kwamba mtu hamfuati anayepiga kelele mtandaoni. Anamfuata anayekula naye. Wanakwaya, waliosoma pamoja, wanaocheza upatu. Mpe uvumi mmoja anayeaminiwa, wenzake watauchukua wenyewe. Chuo kilimpigia makofi. Do-hyeok, aliyemtangulia chuoni hapo, alimpa kazi.

"Kaka, sharti langu unalikumbuka," alisema Gyu-ri.

"Tunalenga wastaafu wenye hela, wale wa vikundi vya kupanda milima. Watu wa sokoni hawaguswi. Nimekuahidi mara ngapi, mdogo wangu? Kunywa supu."

Akanywa. Alikuwa msomi, lakini aliamini kuna wizi wenye adabu.

Saa 3:00 asubuhi

Soko likafunguliwa. Yeong-ran akaachia uvumi. Dakika kumi za kwanza, kimya. Kisha bei ikajitikisa, ikaanza kupanda.

Saa 5:30 asubuhi

"Wanunuzi wadogo wadogo," alisema Pyo. "Wengi. Wanaingia kwa makundi."

Gyu-ri alitazama oda. Wastaafu wa milimani hununua kwa kishindo. Hizi zilikuwa oda za watu waliohesabu kwanza. Akajiambia hata wastaafu wengine ni bahili.

Saa 7:40 mchana

Do-hyeok alikuwa ametoka kuvuta sigara. Simu ya Gyu-ri ikalia. Mama yake, kutoka mji wa Gunsan, anakouza kimchi, kabichi ya kuchachusha, sokoni.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, mama. Niko kazini."

"Sikuchelewishi. Nataka tu umshukuru yule kaka yako wa chuo, uliyekuja naye sikukuu ya mavuno. Alipita juzi na kasha la peasi. Kubwa, kila moja kama kichwa cha mtoto. Akatuambia habari za ile kampuni ya betri."

Gyu-ri alishika ukingo wa meza.

"Aliwaambia nani?"

"Aliniambia mimi. Na mimi ndiye kijumbe wa upatu wetu, mshika hela za wote, ningewaficha wenzangu? Leo asubuhi kila mmoja kanunua kwa simu yake. Na zile hela za upatu, zamu ya Mama Chil-bok, nimezinunulia hisa kwa jina langu. Anasubiri kufanyiwa operesheni ya goti, nikasema tumwongezee kidogo."

"Mama, uza. Sasa hivi."

"Eh? Si bado inapanda?"

"Uza, mama. Nakuomba."

Pyo alimpokonya simu, akaikata.

"Una wazimu? Akiuza yeye, soko lote la Gunsan litauza. Sisi tumuuzie nani?"

"Nipe simu yangu."

"Kaa chini."

"Pyo," alisema Yeong-ran. Hakuinua sauti. "Koti la bosi liko wapi?"

Msumari ulikuwa mtupu. Mtu anayetoka kuvuta sigara mara moja haendi na koti, mkoba na chaja. Pyo alirudi kwenye kompyuta mbio, akashusha macho kwenye mauzo.

"Kuna mtu anamwaga mzigo tangu saa sita. Kidogokidogo ili tusishtuke." Akapiga meza ngumi. "Ametuuza, mshenzi. Tumeingizwa mjini."

Gyu-ri alichukua simu yake. Alimpigia Do-hyeok kwanza. Dakika hiyo aliijutia baadaye kuliko zote. Alitaka aambiwe si kweli.

"Kaka, ulikwenda kwa mama yangu."

"Ana mkono mzuri wa kimchi yule mama."

"Uliniahidi."

"Wazee wa milimani walisita. Nilihitaji watu wanaonunua bila kuulizana maswali. Nani alinifundisha wanapatikana wapi?"

Akakata. Gyu-ri alilia pale pale, mbele ya watu, kwa hasira na aibu.

Saa 8:05 mchana

Pyo hakumngoja mtu. Aliuza zake peke yake, zote kwa mkupuo. Bei ikayumba.

"Na zangu?" aliuliza Yeong-ran.

"Kila mtu na lake."

Yeong-ran alimrushia bakuli la supu. Lilimkosa. Alivaa viatu, akatoka bila kuaga.

Gyu-ri alikuwa anampigia mama yake. Simu inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Alijua kinachoendelea, maana alikulia chini ya kibanda cha mama yake sokoni. Kijumbe hawezi kujitoa na kuwaacha wenzake. Mama alikuwa anawapigia mmoja mmoja, kwa mpangilio wa zamu zao, na asiyepokea anamfuata kibandani kwa miguu.

"Uza kwanza, mama," alisema, simu ikiwa haijapokelewa. "Mara hii moja tu, anza wewe."

Saa 8:50 mchana

Bei ilishuka hadi kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kwa siku. Wauzaji tele, mnunuzi hakuna. Chumbani alibaki Gyu-ri peke yake.

Saa 9:35 alasiri

Soko limefungwa. Mama akapiga mwenyewe. Alikuwa anahema.

"Wenzangu wote wametoka. Wengine wamepata hasara kidogo, lakini wametoka. Zimebaki zile za upatu, za Mama Chil-bok. Na zangu mwenyewe. Nabonyeza, hazitoki."

"Mama, nisamehe."

"Yule kaka yako alisema mnafanya kazi pamoja. Ndiyo maana nilinunua. Niliwaambia, kama Gyu-ri yumo, basi ni salama." Akashusha sauti. "Wako hapa kibandani. Wananishukuru. Wanauliza nilijuaje mapema. Nami nakuuliza wewe. Ulijuaje?"

Gyu-ri alifungua mdomo. Uongo ulikuwepo, mwepesi kabisa, hata miwili. Mama yake angeuamini wowote.

"Nilikuwemo," alisema. "Habari ile ni uongo, tuliitunga sisi."

Gyu-ri alisikia simu ikilazwa mezani bila kukatwa, kiti kikisogezwa, na sauti ya Mama Chil-bok ikiuliza ni nani huyo kwenye simu.

"Binti yangu," alisema mama. "Kaeni chini, niwaambie alichotufanyia."