Doa Lililong'aa Mahali Pasipovuja

Kila Jumamosi asubuhi Chapuchapu alikuwa na kazi tatu: kufagia karakana ya mama yake, kupanga spana kwa ukubwa wake, na kukunja nyaya zilizoachwa sakafuni juma zima. Jina hilo la Chapuchapu hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake darasani, maana alimaliza kila kitu kabla ya wengine, hata mitihani ambayo ingemfaa aisome mara mbili. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mbio zake zilimfanya apendwe kwenye timu ya netiboli na akaripiwe kila mahali pengine.

Mama yake alikuwa fundi wa friji. Jumamosi hiyo alikuwa hoi. Juma zima alikuwa ameinama nyuma ya mashine za watu, na mgongo ulimuuma hivi kwamba alivaa viatu akiwa amekaa, akavaa kimoja, akapumzika, ndipo akavaa cha pili.

"Leo twende kwa Mama Maziwa," alisema. "Chumba chake cha baridi kimepoteza gesi tena. Mara mbili nimejaza, mara mbili imetoroka."

"Si upake povu la sabuni, Mama, uone panapotoa mapovu?"

"Nimepaka sabuni mpaka yale mabomba yametakata kuliko sufuria zetu. Tundu ni dogo mno. Leo tunatia rangi."

Chapuchapu aliijua ile rangi. Ilikaa kwenye chupa ndogo, nyepesi kama mafuta ya kupikia. Ikiingizwa ndani ya mashine huzunguka pamoja na gesi na mafuta ya kompresa, ile pampu yake, na mahali gesi inapochungulia nje, rangi nayo huchungulia. Kwa macho matupu huoni kitu. Lakini ukifunga mlango kukawa giza, ukavaa miwani ya njano na kumulika kwa taa ya zambarau, pale panapovuja hung'aa kijani kikali, kama mwizi aliyekamatwa uwanjani mchana kweupe.

Mama Maziwa alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Aliuza maziwa kwa mtaa mzima, na nyuma ya duka lake palikuwa na chumba cha baridi kilichojaa ndoo na madumu. Siku hiyo hakutania sana.

"Fundi, nakuheshimu, wajua," alisema. "Lakini hii ni mara ya tatu. Maziwa hayana subira."

"Najua, dada. Nipe mpaka juma lijalo."

Wakaingia chumba cha mashine, mama akafunga bomba la mpira kwenye valvu na kuisukuma rangi ndani. Chapuchapu alivaa glavu na kupokea chupa. Ilikuwa na tone lililobaki mdomoni, nalo likamwagikia vidole vya glavu. Wakati huohuo akateleza kidogo, akajishikiza kwenye bomba la shaba nyuma ya feni, palepale kwenye kiungo.

"Fundi! Hebu njoo uone na kipimajoto changu!" Mama Maziwa aliita kutoka dukani.

"Naja," mama akajibu, akajinyoosha kwa shida. "Mwanangu, sheria unaijua. Safisha kila mahali kwa ile dawa ya kusafishia, kisha zima taa, umulike uhakikishe hakuna tone lililobaki nje. Rangi ikibaki nje itang'aa hukohuko nje, na siku ya kutafuta itatudanganya."

"Sawa, Mama."

Sasa sikiliza alichofanya. Mechi ya netiboli ilikuwa saa nne, na tayari ilikuwa saa nne kasoro robo. Dawa ya kusafishia ilikuwa chini kabisa ya mkoba, imefunikwa na zana zote. Akachukua kitambaa kikavu, akafuta valvu, akafuta lile bomba mara mbili, akatazama. Pasafi! Hakukuwa na doa lolote. Taa ya zambarau hata hakuigusa.

Mama aliporudi aliuliza, "Umemulika?"

"Nimemulika, Mama."

Neno moja tu, na lilitoka kwa urahisi kama salamu. Alifika uwanjani kwa wakati, timu yake ikashinda, na mpaka jioni alikuwa amesahau.

Jumanne, baada ya shule, walirudi. Rangi ilikuwa imezunguka siku tatu. Mama akafunga mlango wa chumba cha mashine, wakavaa miwani, akawasha taa. Akamulika kompresa: hakuna kitu. Akamulika valvu: hakuna. Akamulika nyuma ya feni.

"Huyo!" mama akasema. "Huyo, mwanangu! Tumemkamata."

Kwenye kiungo cha shaba palikuwa na kijani kiking'aa. Mama alicheka, kicheko cha kwanza juma lile, akaketi juu ya dumu lililopinduliwa kwa furaha na uchovu. Chapuchapu hakucheka. Aliona kile kijani kilivyokaa, michirizi minne iliyolala sambamba. Vilikuwa vidole vyake.

Alifungua mdomo. Kisha akamwona mama anavyofuta uso kwa upindo wa kanga, ameridhika, na mdomo ukajifunga wenyewe. Huenda panavuja kweli, akajiambia. Huenda nilishika palepale penye tundu, nani ajuaye? Moyo wake haukukubali hata kidogo, lakini aliulazimisha.

Kazi ya kiungo kile haikuwa ya mchezo. Ilibidi mama aitoe gesi yote na kuihifadhi kwenye mtungi, akate shaba, achomelee upya kwa moto, asubiri kipoe, apime, kisha arudishe gesi. Alifanya yote akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Walipofika nyumbani alilala na nguo zake za kazi, wala hakula. Chapuchapu alimvua viatu. Alitaka kumwambia, lakini huwezi kumwambia mtu aliyelala.

Alhamisi mwalimu hakuwa amemaliza kusahihisha madaftari wakati kengele ilipogongwa. Chapuchapu alikwenda moja kwa moja karakanani, akakuta mama anafunga mkoba wa zana. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Mama Maziwa amepiga simu," mama alisema. "Kipimajoto kinapanda. Twende."

Mbele ya duka palikuwa na harufu kali ya maziwa yaliyochacha. Ndoo sita zilikuwa zimepangwa kando ya mtaro, na kijana wa dukani alikuwa anazimwaga moja moja. Wateja watatu walisimama wanatazama. Mama Maziwa alikuwa ameshika kiuno, macho mekundu.

"Ndoo sita, fundi," alisema kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ilitisha kuliko kelele zake zote. "Wafugaji wameamka alfajiri, wamekamua, wameniletea, na mimi namwaga mtaroni. Leo ni mara ya mwisho. Kesho namwita fundi mwingine, na nikiulizwa kwa nini nitasema ukweli."

Chapuchapu alijua maana ya maneno hayo. Mtaa mzima ulinunua maziwa pale. Mama Maziwa akisema fundi fulani hafai, basi hafai, na karakana ya mama yake ingebaki na mlango wazi na hakuna anayeingia.

Mama aliinamisha kichwa. "Una haki, dada. Kosa ni langu. Kile kiungo sikukichomelea vizuri. Siku hizi mkono wangu umechoka. Labda nimezeeka kwa kazi hii. Ngoja nikikate tena, nikirudie. Nikishindwa leo, mwite huyo mwingine, sitakasirika."

Alisema hayo mbele ya wateja. Mama yake, aliyekuwa akichomelea shaba tangu Chapuchapu hajazaliwa, ambaye mafundi wanaume walikuja kumwuliza maswali wakijifanya wamepita tu! Akaingia chumba cha mashine, akapiga magoti taratibu, mkono mmoja ukutani, akatoa kikata bomba.

Chapuchapu aliingia nyuma yake. Kukaa kimya kulikuwa rahisi. Hakuna aliyemwona, na hakuna ambaye angejua. Lakini kikata bomba kilikuwa kinakwenda kukata kiungo kizima kwa mara ya pili kwa sababu yake.

"Mama, usikate!"

"Nini tena?"

"Hapo hapavuji. Hapakuvuja hata Jumanne." Machozi yalikuwa yanamtoka, naye aliyaacha. "Nilishika hapo na glavu yenye rangi. Nilifuta kwa kitambaa kikavu tu. Sikumulika. Nilikudanganya, Mama. Nilikuwa nawahi mechi."

Mama alibaki na kikata bomba mkononi. Mama Maziwa, aliyekuwa mlangoni, alisema "Ala!" kisha akafunga mdomo kwa kiganja.

Alitegemea kupigiwa kelele. Angefurahi hata kupigiwa kelele. Mama alikuwa amechoka mno kwa kelele.

"Ulishika wapi kwingine?" aliuliza.

"Hapo tu. Na valvu, lakini valvu niliifuta."

"Haya. Toa ile dawa."

Safari hii dawa ilitoka chini ya mkoba upesi. Chapuchapu alisugua kila bomba, kila kona, akafuta na kufuta. Wakafunga mlango, wakamulika. Chumba kizima kilikuwa cheusi. Hapakuwa na kijani hata chembe.

"Basi tundu haliko huku kabisa," mama akasema polepole, kama anayezungumza na mashine. "Na mimi niliona jibu la kwanza nikaacha kutafuta. Wala sikumulika kule ndani penye baridi." Alisimama. "Bomba la kutolea maji ya chumba cha baridi linatokea wapi, dada?"

Lilitokea nyuma, kwenye beseni dogo. Mama akajifunika kanga yeye, taa na beseni, kama mtu anayejifukiza mafua. Kisha akaita, "Mwanangu, njoo uone."

Chapuchapu akaingia chini ya kanga. Juu ya maji palielea utando mwembamba wa kijani kinachong'aa, rangi iliyodondoka na maji kutoka ndani.

Wakaingia chumba cha baridi. Kwenye koili ya ndani, yale mabomba yaliyopindwapindwa yanayotoa baridi, nyuma kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, palikuwa na nukta moja ndogo kuliko punje ya mtama, inang'aa. Mama aliifuta kwa dawa, wakasubiri, na baada ya muda ikajitokeza tena palepale. Hapo ndipo palipovuja.

Kabla mama hajaanza kazi, alimshika Chapuchapu bega na kumgeuza kumwelekea Mama Maziwa.

"Nisamehe, Mama Maziwa," Chapuchapu alisema. "Maziwa yako yamemwagika kwa sababu yangu. Mama yangu mkono wake haujachoka. Kile kiungo alikichomelea vizuri."

"Nimekasirika," Mama Maziwa alisema, "tena sana, na kesho bado nitakuwa nimekasirika. Jumamosi mbili utakuja kuosha ndoo zangu, zote. Lakini wale wateja waliosikia mama yako akijilaumu, nitawaambia mwenyewe palipokuwa na kosa. Na fundi mwingine simwiti."

"Nitakuja," Chapuchapu akasema. Netiboli hakuikumbuka wakati huo, na alipoikumbuka baadaye hakubadilisha neno.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama mama alipoziba tundu na kurudisha gesi. Baridi ilianza kurudi, na sindano ya kipimajoto ikaanza kushuka. Mama aliketi juu ya dumu, akanyoosha miguu, akampa Chapuchapu taa.

"Hakikisha."

"Peke yangu?"

"Nani mwingine? Mimi siwezi hata kuinua kope."

Alisafisha kwanza, kisha akamulika taratibu, bomba baada ya bomba, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyemwambia apunguze mbio. Kwenye mpini wa valvu aliona doa. Lilikuwa pana kuliko kidole chake. Alisita. Mama yake alikuwa amefumba macho, amechoka vile, na neno moja lingemwinua.

"Mama. Hapa pana doa. Ni la kidole gumba chako."

Mama akafumbua jicho moja, akatazama, akacheka mpaka akashika mgongo. "Basi lisafishe, na uniambie umelisafisha." Kisha kicheko kikamwisha, akamvuta binti yake karibu. "Sikia, mwanangu. Kuteleza na kushika bomba si dhambi, hata mimi nadondosha. Kosa lako lile lilihitaji kitambaa na dakika mbili. Ulipolificha, likala siku tano, ndoo sita na nusu ya mgongo wangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu akikosea, aseme palepale, kabla wengine hawajaanza kutengeneza kisichoharibika."

"Ndiyo, Mama."

"Haya, doa lile?"

Chapuchapu alilisugua kwa dawa, akazima taa ya chumba, akamulika tena, akatazama kwa makini.

"Nimemulika, Mama," alisema. "Pasafi."

Mama akafumba macho yake tena, wala hakuinuka kwenda kuangalia.