Hamira Isiyopigiwa Ukelele

Saa tisa alasiri giza lilikuwa limeshaanza kuteremka mlimani, kama kawaida ya Desemba huko kaskazini, na Gyda alikuwa anasukuma kigari cha mtoto kwenye theluji kuelekea dukani kwa Mzee Sjur. Mfukoni alikuwa na mkufu wa vijiti. Njia nzima anajisemesha moyoni: naurudisha, nasema asante, naondoka. Naurudisha, nasema asante, naondoka. Kwani kuna nini?

Mkufu wenyewe ulikuwa vipande vya mbao vilivyoshikana, umepauka kwa povu kavu. Sjur huuchovya kwenye povu la pombe nzuri, akauanika, hamira ikalala humo ndani mwaka mzima. Kila nyumba ya bonde lile ilikuwa na wake. Ukipika pombe ya Krismasi unakwenda kwa Sjur kununua kimea na maua machungu ya kuungia pombe, unautumbukiza mkufu kwenye togwa, hamira inaamka. Baadaye unampelekea auchovye upya. Lakini ukimrudishia ukasema hutaki tena, basi, umemwacha.

Na wengi walikuwa wamemwacha. Aliyeanza ni Ingunn, jirani yake Gyda, mwenye mtoto mchanga kama yeye. Hamira ya pakiti, shoga, inaletwa na posta mpaka mlangoni, ya nini kwenda kunusa vumbi la yule mzee? Torgeir, mumewe Gyda, naye akaagiza. Jumamosi wakapika kwa pakiti.

Sasa, bonde lile lina mazoea yake. Hamira ikiingia kwenye togwa, anayeitia hupiga ukelele. Si wimbo, si maneno. Ukelele wa kupasua koo, mpaka ng'ombe wa jirani wanageuza vichwa. Wazee walipiga, vijana wanapiga, hakuna aliyeuliza kwa nini. Jumamosi ile Torgeir alikuwa ameshajaza kifua hewa, Gyda akamziba mdomo kwa kiganja.

"Weee! Mtoto ndiyo kwanza amelala!"

Maana tangu Aslak azaliwe nyumba ile ilikuwa haijui usingizi, Gyda alikuwa anatembea kwa ncha za vidole, anafunga milango kama mwizi, na mtoto akishtuka tu ni kilio mpaka asubuhi. Torgeir akacheka nyuma ya kile kiganja. Akaimimina hamira.

Kimya.

Tangu siku ile Aslak hajalia.

Mwanzoni Gyda alishukuru Mungu. Kisha akamwona analia. Uso umekunjamana, mdomo wazi, machozi yanatiririka mpaka masikioni... na sauti hakuna. Hata kukoroma hakuna. Daktari wa zahanati akamulika koo kwa tochi, akasema liko sawa kabisa, mama punguza wasiwasi, pata usingizi. Usingizi gani? Usiku kulikuwa na kitu chini, kwenye chumba cha pipa. Kinafyonza. Taratibu, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Na harufu ilikuwa inapanda ngazi, utamu wa togwa, na chini ya ule utamu harufu ya farasi aliyeloa.

Wao hawakuwa na farasi. Hawajawahi.

Gyda alimaliza sekondari, anajua hamira ni vijidudu vinavyokula sukari, alichora hata picha yake darasani. Alijikumbusha hilo mara nyingi wiki ile.

Alikiacha kigari nje ya duka, chini ya dirisha, Aslak amefunikwa mpaka kidevuni, kama akina mama wote wanavyofanya, maana mtoto hulala vizuri kwenye baridi. Akaingia.

Duka lilinuka kimea kilichokaangwa na vumbi. Redio ilikuwa inabwata. Mzee Sjur alikuwa nusu kiziwi, na kila neno lake alilisema kana kwamba uko ng'ambo ya ghuba.

"AHAA! MKE WA TORGEIR! Nikadhani mmehamia posta!"

"Shikamoo, Mzee Sjur."

"MARAHABA! Umekuja kununua au umekuja kunizika?"

Gyda akajaribu kucheka. Nyuma ya mzee ukuta mzima ulikuwa na misumari, na misumari ilikuwa imejaa mikufu. Zamani ukuta ule ulikuwa mtupu wakati huu wa mwaka, mikufu yote iko majumbani kwa watu. Sasa ilining'inia msongamano, kila mmoja na nyumba yake. Wa akina Ingunn ulikuwa pale, kishada chake chekundu kinaonekana. Msumari mmoja tu ulikuwa wazi.

Msumari wao.

"Niwekee hapo," Sjur akasema, akiuonyesha bila hata kuulizwa. "Huo ukirudi, na mimi nafunga. Simlaumu mtu. Nitakwenda kwa dada yangu mjini nikale samaki wa kopo."

Gyda aliutoa mkufu mfukoni. Akaushika. Maneno aliyoyakariri njiani yalikuwa yamepotea yote.

"Tulipika Jumamosi," akasema. "Kwa pakiti."

"NAJUA! Nimesikia harufu. Lakini ukelele sikuusikia. Masikio haya yamekufa, lakini ukelele wa hamira nausikia kwa meno. Nani alipiga?"

"Hatukupiga. Nilimziba Torgeir mdomo, mtoto alikuwa amelala."

Mzee Sjur akanyoosha mkono, akazima redio.

Akainama juu ya kaunta mpaka pua yake ikakaribia kumgusa. Na yule mzee, ambaye hakuna mtu bonde zima aliyewahi kumsikia akisema chini ya kelele... akanong'ona.

"Mtoto analia?"

Gyda akauzungusha mkufu vidoleni.

"Binti yangu. Analia?"

"Analia. Lakini hatumsikii."

Sjur akafumba macho. Punje za kimea zilisikika zikiteleza ndani ya gunia.

"Baba yangu alisema ukelele ni wa kuamsha hamira," akanong'ona. "Mama yangu alisema hapana, ni wa kuwaambia wao kwamba nyumba ina wenyewe. Wale wa farasi, wasioonekana. Wanapita kabla ya Krismasi wanatafuta pombe iliyo kwenye nyumba tupu. Sijui nani alisema kweli. Mimi nauza kimea tu. Lakini kila niliyemuuzia nilimuuliza, utapiga? Na hakutoka hapa mpaka aseme nitapiga. Posta haiulizi."

"Na wakikuta nyumba kimya?"

"Wanakunywa."

"Kisha?"

"Wanakaa. Na anayekaa kwenye nyumba hataki mtu wa kumpigia kelele."

Macho yake yakahama. Yalikuwa yanatazama dirishani, juu ya bega la Gyda.

"Nje kuna nani na wewe?"

"Hakuna mtu."

"Basi nani anayembembeleza mtoto?"

Gyda akageuka.

Kigari kilikuwa kinatikisika. Taratibu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kwa utulivu, kama anavyofanya mtu aliyelea watoto wengi. Bendera ya dukani ilikuwa imelala kwenye mlingoti. Upepo hakuna. Mtu hakuna.

Hakukumbuka alifunguaje ule mlango. Kigari kilisimama kabla hajakifikia. Mpini wa chuma ulikuwa mweupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa sehemu mbili, upana wa viganja. Pale palikuwa pakavu. Pa vuguvugu.

Na nyayo kwenye theluji zilikuwa zake tu.

Aslak alikuwa macho, anatazama juu, anatabasamu. Midomo yake ililowa. Gyda akainusa.

Pombe.

Akamnyakua, akamkumbatia ndani ya koti, analia yeye sasa, anasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Sjur akatoka kizingitini bila kofia.

"Nenda nao," akanong'ona, akimfumba vidole juu ya mkufu. "Utie kwenye pipa lilelile kabla giza halijashika. Na apige yule aliyenyamazisha. Si mumeo. Wewe."

"Njoo na mimi, Mzee."

"Sauti yangu si ya nyumba yako. Nitauacha mlango wazi nikusikie."

"Na kikijibu kitu?"

Mzee akaangalia kigari kitupu.

"Mtoto wako utamjua," akasema. "Vingine visikuhusu."

Torgeir alikuwa jikoni anamenya viazi. Alipomwona mkewe anaingia na viatu vyenye theluji, mtoto kifuani, anahema, alianza kucheka kabla hajaogopa.

"Mama Aslak! Umefukuzwa na dubu?"

"Fungua chini."

"Yule mzee kakuambia nini tena? Duka limekosa wateja sasa anauza majini?"

"Torgeir. Fungua chini."

Akafungua, maana hakuwahi kumwona na uso ule. Harufu iliwapokea ngazi ya kwanza. Farasi, jasho, ngozi iliyolowa. Torgeir akaacha kutania. Taa ya chini iliwaka, ikafifia, ikabaki nyekundu kama kaa linalozimika.

Pipa lilikuwa limefunikwa vilevile walivyoliacha, kitambaa kimefungwa kwa kamba, fundo la Torgeir halijaguswa. Torgeir akalifungua. Pombe ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Na katikati ya povu kulikuwa na shimo la mviringo, kingo zake laini, linaingia na kutoka... linaingia... linatoka...

Fyonz.

"Ni gesi hiyo," Torgeir alitaka kusema. Gyda aliona midomo yake ikiunda maneno. Sauti haikutoka. Akashika koo. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, na chumba kikabaki kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Kitu kikashusha pumzi nyuma ya sikio la Gyda. Pumzi ya moto. Kikamwambia, kwa upole kabisa, kwa maneno yake mwenyewe:

"Shhh. Mtoto amelala."

Gyda akautupa mkufu ndani ya pipa.

Akapiga.

Hakujua ana sauti ile. Ilitoka chini, kwenye magoti, ikabeba miezi yote ya kutembea kwa ncha za vidole, usiku wote aliolia ndani ya mto asije akamwamsha mtu, ikapanda, ikapasuka, chupa kwenye rafu zikagongana. Akapiga mpaka macho yakaona giza. Na alipoishiwa pumzi, kilio kikaendelea peke yake.

Kilikuwa kinatoka kifuani kwake. Aslak! Aslak mwekundu, ngumi hewani, analia kama siku aliyozaliwa. Torgeir akapiga magoti, naye analia kwa sauti, kwa sauti kabisa, anasema asante, asante.

Kisha kwato. Si nyingi. Zilipita juu ya vichwa vyao, ukumbini, zikatoka kwenye mlango ambao hakuna aliyeufungua.

Gyda alipanda ngazi na mtoto wake mpaka barazani. Kutoka upande wa duka, mbali, ukelele mkavu wa mzee ulimjibu. Mmoja tu. Akangoja mwingine. Nyumba za bonde zilikuwa zinawaka taa madirishani, moshi unapanda, ndani watu wanaangalia televisheni. Hakuna nyumba iliyojibu. Harufu ya farasi ikapita mbele ya pua yake, ikashuka barabarani polepole, kama mtu anayesoma majina milangoni.

Mkufu hawakuurudisha. Torgeir mwenyewe aliubeba kwenda kuchovywa upya, akanunua kimea cha mwaka mzima ambacho hawakukihitaji, na Sjur akamfokea kwa furaha mpaka madirisha yakatetemeka. Duka halijafungwa. Msumari mmoja uko wazi, na mzee anasema kwa huo mmoja atafungua hata kesho. Gyda alijaribu kuwaambia watu. Walimcheka. Wakamuuliza Sjur anampa asilimia ngapi.

Siku mbili kabla ya Krismasi alikutana na Ingunn nje ya duka la chakula, kigari chake kimeegeshwa ukutani, bintiye Ylva amelala ndani. Aslak alikuwa anapiga makelele mgongoni kwa mama yake, anataka kunyonya.

"Pole, shoga," Ingunn akasema, anacheka. "Wako bado mkorofi? Wangu siku hizi malaika. Halii kabisa."

Gyda akamshika mkono.

"Mmeshapika pombe?"

"Juzi. Ya pakiti, tamu hiyo, njooni muonje. Inapungua tu, sijui pipa linavuja."

"Mlipiga ukelele?" Alijisikia mwenyewe akinong'ona.

"Ukelele wa nini, na mtoto amelala?"

Ingunn akaingia dukani kununua maziwa. Gyda akabaki peke yake na kigari. Hakutaka kuutazama mpini. Akautazama. Sakitu ilikuwa imeuvisha weupe mwanzo hadi mwisho, isipokuwa sehemu mbili, upana wa viganja.

Mgongoni kwake, Aslak akanyamaza.