Jina Kwenye Zege

Jumamosi ile ya Oktoba kaka yangu Verlyn alisimama nyuma ya nyumba yake na kikombe cha kahawa, akikagua nyasi kama jenerali. Alikuwa anajenga uwanja wa mpira wa kikapu, na zege lilipaswa kumwagwa kabla ardhi haijaganda.

Kwetu Minnesota huchimbi hata shimo la kupanda mti kabla ya kuwaita watu wa gesi, maji na umeme waje kuweka vibendera vya kuonyesha mabomba na nyaya zao. Vya njano vilikuwepo, vya buluu na vyekundu pia. Lakini kwenye kona, karibu na uzio wa jirani, kulikuwa na kingine: kipande cha foronya nyeupe juu ya kijiti.

"Hicho cha kampuni gani?" nikauliza.

"Changu." Bibi Tostrud, jirani, alikuwa ameegemea uzio. Alikuwa na miaka tisini na hakuwahi kutuomba hata chumvi. "Verlyn, ardhi hii yote ilikuwa shamba letu. Mwanangu wa kike yupo hapo. Alizaliwa hapumui, mwaka hamsini na tisa, mume wangu akamzika kabla sijazinduka. Hata jina hatukumpa, sembuse jiwe. Sogeza hatua mbili tu, baba."

"Bibi, hatua mbili ni nini? Nitasogeza, usijali," akasema Verlyn, kwa ile sauti yake ya kanisani.

Hatua mbili zilikuwa kona nzima ya mstari wa pointi tatu. Maren, binti yake pekee, wa miaka kumi na minne, alikuwa na majaribio ya timu ya shule mwezi wa Novemba. Jumatatu, kabla mashine haijafika, Verlyn aling'oa kile kijiti, akafuta tope la buti zake kwa foronya, akaitupa kwenye pipa la taka.

"Uliahidi," nikamwambia.

"Mifupa ya kichanga, dada! Ilishakuwa mbolea. Mnasomeshwa mpaka chuo kikuu ili mje kuogopa mizimu?"

Nikanyamaza, nisije nikaonekana mshamba. Kosa hilo nalo lina mwenyewe: ni langu.

Zege likamwagwa. Likiwa bado bichi, Maren akachuchumaa kwenye kona ileile, akaandika kwa kidole jina lake na mwaka, kama watoto wote wa huku wafanyavyo. Verlyn akampiga picha. Sisi wote tukapiga makofi.

Wiki ya pili mpira ukaanza kufa pale konani. Kwingine unadunda vizuri; pale unatua bila sauti, unakaa, kama umedakwa. Fundi alikuja na kipimo chake, akasema zege limenyooka kama meza.

Wiki ya tatu, asubuhi moja ya umande ulioganda, tulikuwa wanne tukisubiri basi la shule. Mimi, Verlyn, mkewe Janelle, na Maren. Sisi watu wazima tulikuwa tunatoa mvuke mdomoni kwa baridi.

Maren hakutoa.

Daktari alisema mapafu ni mazima. Midomo ikawa ya buluu mchana kweupe. Akapungua. Majaribio yakampita akiwa kitandani, chini ya mablanketi manne, mikono baridi kama vijiko.

Verlyn akaenda mwenyewe kwenye uzio. Nilikuwa nyuma yake.

"Bibi, tufanye nini?"

Bibi Tostrud aliliangalia zege. Kisha akatabasamu, na meno yake yalikuwa madogo sana.

"Miaka yote hiyo nilitamani jiwe la kaburi. Umemwekea. Nilitamani jina. Umempa. Na mwaka umeandika." Akashusha sauti. "Jana nilimwita. Ameitika."

"Nitalifuta!"

"Jina moja, wasichana wawili. Ukilifuta, litabaki kwa mmoja. Nani, sijui. Mvunjie zege, mtoe, mzike upya kwa jina lake mwenyewe. Nitalitafuta."

"Nivunje uwanja?" akasema Verlyn. "Mpya?"

Alisema hivyo. Mtoto wake yuko chini ya mablanketi manne, naye akasema hivyo.

Siku ya pili, saa sita mchana, akakodi mashine ya kusaga zege juujuu, afute jina tu. Akavaa vizibo vya masikio. Mimi nilikaa na Maren, nikimlisha supu ya kuku.

Mashine ikaanza kunguruma.

Maren akasukuma kijiko.

"Shangazi," akanong'ona. "Mimi naitwa nani?"

Nikamwambia.

"Nani huyo?"

Nilikimbia. Nilipiga kelele toka mlangoni. Alikuwa amenipa mgongo, vumbi jeupe limemfunika. Hakusikia. Nilipomshika bega, kona ilikuwa laini, haina hata alama.

Ng'ambo ya uzio mlango wa Bibi Tostrud ukafunguka.

"Maren! Chakula tayari, mwanangu!"

Hatukuona mtu akipita. Mlango ukafungwa taratibu, kama unavyomfungia mtu aliyekwisha kuingia.

Yule wetu alipona. Rangi ilimrudia, pumzi ikamrudia. Anakula, anaoga, anavaa. Lakini ukimwita, hageuki. Janelle alijaribu majina mengine, akayapitia hata ya bibi zake. Yote yanamteleza. Anatutazama kwa adabu, kama mgeni anayesubiri kuambiwa wapi pa kulala.

Daktari alisema Bibi Tostrud alifariki tarehe tisa Februari, kitini, mbele ya jiko. Waliomkuta, siku tatu baadaye, walikuwa polisi wawili, na mimi niliyewaita. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa ndani. Mezani, sahani mbili, zote zimeliwa.

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kulikuwa na mistari ya penseli, ile ya kupimia urefu wa watoto, kila mmoja na jina Maren na tarehe. Wa Novemba ulinifika gotini. Wa Desemba, kiunoni. Wa Januari, kifuani.

Wa juu kabisa ulikuwa sawasawa na kimo cha binti yetu. Mwandiko ulikuwa mwingine, wa mtu anayejifunza kuandika.

Tarehe kumi na moja Februari.