Swali la Simu za Drumbawn

Miaka ile, mtu wa Drumbawn, magharibi mwa Ireland, akitaka kupiga simu alivaa kwanza koti la mvua. Kibanda cha simu kilikuwa njia panda, maili mbili, na mvua ya huko haina adabu. Nóra Geraghty anaikumbuka njia ile kwa mapenzi. Majirani walikuwa wakimwita kila mlango aingie anywe chai. Lakini hofu yake pia haisahau.

Peadar, mumewe, alikuwa na ugonjwa wa moyo. "Akianguka, daktari aitwe upesi," waliambiwa hospitali. Upesi gani, na simu iko maili mbili? Waliomba simu ya nyumbani. Ukapita mwaka, ikapita mitatu.

Jumamosi moja Nóra alikwenda kwa mbunge, ambaye alikuwa akionana na watu katika chumba cha nyuma cha baa. Kwapani alibeba bata bukini, amekwisha nyonyolewa. Alimkuta Bríd Scanlan, karani wa mbunge.

"Huyo wa nani, mama?"

"Wa mheshimiwa. Atusukumie simu yetu."

Bríd alicheka. "Rudi naye, mkamle nyumbani. Mheshimiwa hana simu mfukoni. Ana kalamu."

"Kalamu itanifaa nini?"

"Mbunge anaweza kumwandikia waziri swali. Waziri lazima ajibu. Swali na jibu vinachapishwa katika kumbukumbu za Bunge, na yeyote anasoma."

"Basi aandike: mbona mnatutesa?"

"Hapo umempa mlango wa kutokea! Atajibu 'tunasikitika', yamekwisha. Tumbane. Drumbawn wanangoja simu watu wangapi? Tangu lini? Kinachokwamisha ni nini? Zitafungwa tarehe gani?"

"Mimi nimekuja kwa ajili ya Peadar tu."

"Na jirani yako mjane Tierney je, na mguu wake ule mbovu? Hii si fadhila, mama. Mnaidai wote."

Nóra aliona haya. Wiki ile alipita nyumba kwa nyumba akiandika majina. Yalifika arobaini na moja. Mbunge aliyachukua, akaandika swali.

Jibu lilikuja: wanaongoja ni arobaini na mmoja kweli, mtambo wa zamani wa kuunganisha simu umejaa, na mpya utafungwa "hali ikiruhusu".

"Afadhali," alisema Nóra.

"Afadhali wapi? Hiyo si tarehe," alisema Bríd. "Tunauliza tena. Mtambo mpya uko wapi leo?"

Jibu la pili lilimuumbua waziri mwenyewe. Mtambo ulikuwa ghalani, miezi kumi na minne, ukingoja saini. Gazeti la wilaya lililichapa jibu hilo neno kwa neno. Baada ya wiki sita mafundi walikuja na nguzo zao, na kila jina kwenye orodha ya Nóra likapata simu.

Mwezi Machi, asubuhi, Peadar alianguka kando ya jiko. Nóra alizungusha namba ya daktari. Daktari alifika kabla uji haujapoa.

Peadar aliishi miaka tisa zaidi. Nóra anaililia miaka ile mpaka leo, maana ilikuwa mizuri. Mumewe hakuwa mtu wa kusifu, hata jua likiwaka wiki nzima. Alimsifu mara moja tu, kitandani hospitali, sauti ikiwa ndogo.

"Uliuliza vizuri, Nóra."